Kabati Linalopanda

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naitoa kwa sauti kubwa ili ikufikie hata kama anayekusomea ataimeza njiani. Umeamkaje? Magoti yanasemaje, na kile kikohozi cha alfajiri kimekuachia? Na macho? Macho nimeyauliza mwisho kwa sababu ndiyo ninayoogopa jibu lake. Mimi mwilini sina neno. Nakula, nalala, na shati langu la kazi limeanza kunibana tumboni, kwa hiyo usiniombee unene, umeshafika. Na wewe kitinda mimba, unayemsomea mama, salamu zako hizi hapa. Nakuomba kitu kimoja tu, soma kila neno kama lilivyo. Tangu shuleni una tabia ya kuruka aya ndefu. Leo ukiruka, mama atasikia shimo.

Mwandiko mtauona unakwenda upande hapa na pale. Mnisamehe, mahali nilipokaa hapatulii.

Mama, mara mbili umefunga mzigo wako uje kwenye kliniki ya macho iliyo katika jengo ninalofanyia kazi, na mara mbili nimekuzuia. Mara ya kwanza nilikuambia lifti zote zinabadilishwa nyaya. Mara ya pili nikasema tunasubiri spea kutoka ng'ambo. Ulinijibu kwa upole kwamba kazi ni kazi, ukaufungua mzigo, ukarudi kukaa na ukungu wako. Kisha kitinda mimba akanipigia simu kunieleza kwamba siku hizi unamiminia chai kikombeni huku umetumbukiza kidole ndani, ili ujue imefika wapi usije ukaimwaga. Alisema kidole chenyewe kimebabuka. Nilikata simu nikakaa chini, sikuweza kufanya kazi yoyote hadi mchana.

Sasa sikiliza, mama. Lifti zilikuwa nzima. Mgonjwa alikuwa fundi.

Najua utauliza ugonjwa wa fundi unahusiana vipi na macho yako. Unakumbuka sharti lako? Ulisema, mbele ya watoto wako wote, kwamba ghorofa ya nane kwa ngazi magoti yako hayafiki, na kwamba kwenye lile kabati linalopanda lenyewe hutaingia maisha yako yote, isipokuwa mwanao anayelitengeneza asimame ndani, akushike mkono. Watu wote walicheka, mimi nikakuahidi. Basi ahadi ile ndiyo iliyonishinda. Una watoto wawili wanaokuzibia njia, mama, mtoto wa jicho na mimi. Huyo wa kwanza daktari anamtoa asubuhi moja. Mimi ndiye niliyekuwa kazi.

Ilianza siku isiyo na jambo lolote. Nilikuwa nashuka kwenye lifti namba mbili kutoka chumba cha mashine kule juu, nikiwa peke yangu na boksi langu la vifaa. Katikati ya ghorofa ya sita na ya tano breki ya dharura ikabana, lifti ikasimama, taa ikazima. Hilo si ajabu. Nimekwama kwenye lifti mara nyingi kuliko nilivyokwama kwenye foleni ya benki, na huwa nakaa tu nikisubiri mwenzangu. Siku hiyo moyo ulianza kwenda mbio kama unafukuzwa. Koo likakauka, vidole vikafa ganzi, na nikawa na hakika, kama ninavyokuwa na hakika ya jina langu, kwamba nakufa. Nilipiga mlango kwa ngumi na kuita. Sikumwita mwenzangu, nilikuita wewe.

Nilipotolewa nikapelekwa kwa daktari wa moyo. Alinipima, akaniambia kwa furaha kwamba moyo wangu unaweza kuvuta mkokoteni. Ungedhani ningeshukuru, lakini nilitoka pale nimenuna. Moyo mbovu ningeweza kuwaeleza watu. Hiki kingine ningekiitaje?

Kesho yake nikapanda ngazi, nikajiambia ni mazoezi. Keshokutwa vilevile. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na mimi ufa wangu niliutazama tu huku nikiusifu kwamba ni mdogo. Nikaanza kutengeneza lifti nikiwa nje yake. Naufungua mlango, naingiza mkono mmoja, mguu mmoja nimeuacha ukumbini tayari kwa mbio. Ikibidi kuijaribu lifti ikiwa na uzito, napakia magunia ya mchanga, nabonyeza kitufe, naruka nje, kisha nakimbia kwa ngazi nikayapokee juu. Magunia yale mwaka huo yalisafiri kuliko bwana wao.

Wa kwanza kugundua alikuwa mwanamke wa usafi, ambaye sisi humwita Mama Ndoo. Aliniuliza kwa nini sipandi tena. Nikamwambia napunguza tumbo. Akalitazama tumbo, akanitazama usoni, akaondoka bila neno, na hapo ndipo nilipojua nimekwisha. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kufikia mwisho wa wiki jengo zima lilikuwa linanong'ona kwamba mpishi akikataa chakula chake mwenyewe, mgeni asiguse sahani. Watu wakaanza kupanda ngazi. Makarani, wahasibu, wapeleka vifurushi, wote wanahema kwenye kuta. Meneja wetu, Bwana Funguo, akabandika karatasi kwenye kila mlango wa lifti kwamba lifti hii ni salama kabisa. Hapo ndipo alipoharibu. Ni nani aliyewahi kubandika karatasi kwenye kiti kusema kwamba kiti hiki hakimwangushi mtu? Hata wale wachache waliokuwa hawajasikia wakasoma, wakageuka.

Nilicheka mwanzoni, sikufichi. Kicheko kiliniisha siku nilipomkuta kijana amembeba bibi yake mgongoni, anampandisha kliniki ya macho. Kila kituo cha ngazi anamtua, bibi anashika ukuta, anauliza bado ngapi. Aliponisikia napita alidhani mimi ni daktari, akaniomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuona wewe, mama. Nilimsaidia kijana yule kumfikisha bibi, halafu nikashuka kwenye karakana yangu chini kabisa ya jengo, nikajifungia. Pale nililia.

Ngojeni kidogo.

Nimerudi. Kuna mzee alikuwa anapita, akakaa nami kidogo kabla ya kuendelea na safari yake. Ameniuliza kama namwandikia mchumba. Nimemwambia ndiyo, wa kwanza kabisa. Nadhani mmefahamu ni nani.

Nilikuwa nasema nimejifungia. Baada ya hapo mlango uligongwa. Alikuwa mama mmoja mwenye ofisi ghorofa ya sita, mshauri wa watu waliolemewa na mawazo. Viatu alikuwa navyo mkononi. Alisema wagonjwa wake wanaishia ghorofa ya pili na kurudi makwao, kwa hiyo amekuja kuniuliza jambo moja, lifti ndiyo inayoumwa au ni mimi? Nikamjibu ni lifti. Akaketi juu ya gunia la mchanga, akanyamaza. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mawaidha, kwamba nijikaze, kwamba mwanamume haogopi kabati. Ukimya ule sikuwa nimejiandaa nao. Nikayatoa yote, hata lile la kidole chako kwenye chai.

Akaniita ofisini kwake, nikaenda kwa ngazi, akacheka kidogo kuniona ninavyohema. Swali langu lilikuwa la kifundi. Nilimuuliza hofu hii kifaa chake kipi kimekufa, na tunakibadilisha lini. Alisema yeye hana spea. Kisha akanitaka nimweleze, muda wote huu niliokuwa naifukuza hofu, imekwenda wapi na mimi nimepata nini. Nikafikiri. Nilikuwa nimepata magoti mabovu, jina baya, na mama asiyeona. Hofu yenyewe ilikuwa imenenepa kuliko mimi.

Aliniambia niikubali. Nilikasirika, mama, nusura niondoke. Nilimwambia nikiikubali itanimaliza. Akasema kukubali si kupenda. Mvua ikinyesha nikiwa na nguo kwenye kamba, siipendi, lakini sitoki nje kupigana nayo mieleka. Nakubali kwamba inanyesha, naanua nguo. Mtu anayebishana na mvua nguo zake zinalowa vilevile. Hapo nilikaa tena kitini.

Akaniuliza hofu ikija huwa naipokeaje. Nikasema nafunga mlango, nayo inapitia dirishani. Akasema basi safari ijayo niijibu karibu. Nikamwambia haipigi hodi. Akasema ndiyo, haina adabu, haikufunzwa na mama kama wako, lakini niikaribishe hivyo hivyo, niionyeshe pembe ya kukaa, kisha niendelee na shughuli za nyumba. Kwa utani nikasema wenyewe wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sikutegemea aushike ule utani, lakini aliushika. Akasema vizuri sana, nikiingia kwenye lifti niipe tochi inishikie.

Kazi ya kwanza aliyonipa ilikuwa kukaa nikasikiliza pumzi yangu. Nilisinzia. Mara ya pili nilisinzia tena, nikakoroma. Ndipo akaniuliza najuaje kwamba lifti inaumwa. Nikamweleza kwamba huwa nafumba macho, naweka kiganja mlangoni, nasikiliza, na nikiwa chini kabisa naweza kukuambia ni gurudumu la wapi linalotaka mafuta. Akanitaka nifanye hivyo hivyo kifuani mwangu, kiganja na yote, na sharti nisitengeneze kitu. Nisikie tu. Hapa kooni pamebana. Hapa tumboni pana baridi. Basi. Kusikiliza bila kushika spana, kwa fundi ni adhabu. Lakini ndiyo niliyojifunza, na nakuambia mambo yanayobana huwa hayabani vilevile muda wote. Yanapanda, yanafika juu, yanashuka. Nilikuwa sijawahi kukaa nayo hadi yashuke.

Kuna jambo pia nililoligundua mwenyewe, nikiwa napaka grisi. Breki iliyobana siku ile haikubana kwa sababu lifti ilikuwa inaanguka. Kebo zilikuwa nzima. Ilibana kwa sababu ilikuwa kali kupita kiasi, imeshtuka kwa mtikisiko mdogo. Lifti iliyokwama si lifti inayoanguka, ni lifti iliyokataa kuanguka. Na moyo wangu ulifanya hivyo hivyo. Breki yangu ni kali mno, ndiyo hadithi yote. Nilipomweleza mshauri alifurahi, akaniuliza kama mimi huwa naitukana breki inapobana. Nikasema hapana, naishukuru, naifungua, naijaribisha lifti siku hiyo hiyo. Akaniachia jibu langu mwenyewe nitoke nalo.

Tukaanza. Kwanza kusimama mbele ya mlango uliofunguliwa. Kisha kukaa ndani, mlango umezuiwa na gunia. Kisha gunia likatoka. Kisha ghorofa moja. Siku nilipomaliza ghorofa mbili nilimletea mshauri habari kama mwanafunzi aliyefaulu. Akaniuliza nilifanyaje. Nikamwambia nilifumba macho, nikaimba kwa nguvu zangu zote nisisikie kitu. Akatikisa kichwa. Alisema hapo nilikuwa nakimbia, ila nilikuwa nakimbia nimekaa.

Kwa hiyo nikaingia tena, bila wimbo, macho wazi. Na hapo, mama, ndipo ilipotokea aibu ambayo kitinda mimba ataicheka hadi mwakani. Karibu na ghorofa ya tatu mgeni alikuja na ukoo wake mzima. Nilisahau kusema karibu, nilisahau kiganja, nikabonyeza vitufe vyote kwa pamoja. Mlango ulipofunguka nikatoka kama mshale, jasho linanitiririka, nikaangukia katikati ya watu waliokuwa wanasubiri daktari wa meno. Walinitazama. Wakaitazama lifti. Kisha wote wakasimama, wakashika ngazi. Bwana mmoja aliyekuwa amefungwa shavu kwa kitambaa alitangulia wenzake, jino limepona lenyewe. Daktari wa meno alipotoka kumwita anayefuata, alinikuta mimi peke yangu.

Nilitaka kuacha kazi. Nilikuwa nimeshaanza kufunga boksi langu. Nilichokikumbuka ni yale maneno yangu ya breki. Breki ikibana, unaifungua, unaijaribisha lifti siku hiyo hiyo. Hulizibi shimo la lifti kwa matofali ukasema jengo hili sasa lina ngazi tu. Nikanawa uso, nikarudi ghorofa ya tatu. Daktari wa meno alikuwa bado mlangoni, hana mgonjwa. Niliingia mbele yake. Mgeni akaingia nami. Nikamwambia karibu, kaa pale, mimi nina mama anayetia kidole kwenye chai ya moto. Nikashuka hadi chini nikitetemeka mwili mzima, nikapanda tena, nikashuka tena. Sikuwa shujaa. Nilikuwa mtu anayetetemeka ndani ya lifti, na lifti ilikuwa inakwenda.

Tangu hapo nimeingia kila siku. Siku nyingine mgeni haji, siku nyingine anakuja asubuhi na mapema kabla sijavaa viatu. Mama Ndoo ndiye aliyekuwa abiria wangu wa kwanza, maana alikuwa amechoka kubeba maji kwa ngazi. Aliniambia tukianguka yale maji machafu yatanimwagikia mimi, akahakikisha amekaa upande wa pili. Tulipofika juu salama, alishuka akaenda kutangaza, na ulimi ule uliovunja ndio uliojenga. Bwana Funguo amebandua karatasi zake. Bibi yule wa mgongoni aliporudi kukaguliwa jicho nilimpandisha mwenyewe. Alikuwa anaona. Aliniambia hakujua kwamba fundi ana mvi.

Nazo hizo mvi, mama, wewe hujaziona. Zimeota wakati nakudanganya.

Sasa nimefika nilipotaka kufika, na wewe msomaji usiharakishe. Mwanzoni niliwaambia mahali nilipokaa hapatulii. Barua hii nimeiandika kabatini, mama. Yote, tangu shikamoo. Niko ndani ya lifti namba mbili, ile ile, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa ya Mama Ndoo, ubao wa vifaa magotini. Kila mahali mwandiko ulipokwenda upande, hapo lifti ilikuwa inasimama, mtu anaingia au anatoka. Yule mzee aliyedhani naandikia mchumba alikuwa anakwenda ghorofa ya nane, kwenye macho. Nimeshapanda na kushuka hata sijui mara ngapi, na milango ikifungwa mgeni wangu bado yuko hapa kwenye pembe yake. Hajaondoka. Ninaposema hivi koo limebana kidogo na kiganja kina jasho, tazameni wino ulivyochafuka. Nimemwambia karibu, na nimeendelea kukuandikia.

Kwa hiyo funga mzigo wako, mama. Nimezungumza na kliniki, wanakutarajia Jumatatu. Safari hii hakuna nyaya wala spea. Siahidi kwamba sitaogopa, nimeacha kuahidi vitu vya aina hiyo. Nakuahidi kwamba mlango ukifunguka nitakuwa ndani. Ukinishika mkono ukahisi unatetemeka, usiuachie. Na wako ukitetemeka nitajua ni wewe. Tutatetemeka wote wawili hadi ghorofa ya nane, kisha tutashuka.

Nisalimie jirani wa mlango wa pili, mwambie ile redio yake nitaitazama nikija. Wasalimie watoto, na yule anayelia akiona picha yangu mwambie nimepunguza ndevu. Kitinda mimba, asante kwa kusoma bila kuruka. Kama umelia, jifute kabla mama hajakuuliza kwa nini sauti imebadilika. Na tafadhali, hadi Jumatatu, chai mmiminie wewe.

Ni mimi mwanao,
Fundi wa kabati.